Arusha iseme neno kuhusu Bahari ya Shamu

Wiki ya pili ya Januari 2024 nilikuwa ghalani hapa Moshi, vijana wanapiga karatasi nzito ya kaki kwenye kuta za kontena. Kontena la futi 20 linabeba magunia 320 ya kahawa safi, kilo 60 kila gunia, na kwa kawaida tukianza saa mbili asubuhi, adhuhuri lakiri imeshapigwa. Siku ile saa tisa alasiri ilitukuta bado tunahangaika. Mnunuzi wetu wa Ulaya alikuwa ameandika kwamba meli haitapita Bahari ya Shamu na Mfereji wa Suez, itazunguka Rasi ya Tumaini Jema, kwa hiyo karatasi iwe tabaka mbili na mifuko ya kunyonya unyevu iongezwe. Aliyewahi kusafirisha kahawa anajua kwa nini. Meli inatoka kwenye joto letu, inashuka kwenye baridi ya kusini, inapanda tena kwenye joto la Atlantiki, inaishia kwenye baridi ya Ulaya. Kontena linatoka jasho kwa ndani. Maji yanakusanyika darini, yanadondokea magunia, na kahawa iliyoonjwa hapa ikapewa alama nzuri inafika kule ikinuka ukungu.

Mzee wetu wa ghala alipitisha kiganja kwenye kila kiungo cha karatasi. Karibu na mlango akakuta pameachia. Akaamuru safu nzima ya magunia ishushwe, karatasi ipigwe upya. Hakuna aliyebisha.

Kazi yangu ni nyaraka za kusafirisha kahawa, na sijawahi kuandika habari za vita. Leo naandika kwa sababu tumezoea kusema kwamba ulinzi wa meli ni mambo ya wenye manowari, sisi tusubiri watulie. Naona tumekosea, na kosa hilo linalipwa huku vihambani. Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, yenye makao makuu Arusha, inapaswa kusema neno.

Watu wa mjini huniambia mkataba wenu ni wa FOB, kahawa ikishapanda melini pale Tanga au Dar es Salaam shida ni ya mnunuzi. Kwenye karatasi ni kweli. Lakini meli zikichelewa kurudi, kontena tupu nazo hazirudi, na bila kontena tupu huna pa kupakia. Nafasi yetu ilisogezwa mara tatu. Wakala wa meli alitutumia ujumbe uleule, kilichobadilika ni tarehe tu. Meli isipoondoka hakuna hati ya shehena. Bila hati ya shehena benki haina cha kumpelekea mnunuzi, na mnunuzi haoni sababu ya kulipa. Riba ya mkopo yenyewe hailali. Kahawa ile haikuwa ya mnadani, ilikuwa ya vyama vya msingi iliyouzwa moja kwa moja nje, kwa hiyo aliyekuwa akisubiri mwisho wa yote ni mkulima aliyepewa malipo ya awali na kuahidiwa ya pili.

Jumapili nilipanda Kibosho kumwona mama mkwe. Nilimkuta chini ya migomba anakata majani ya ng'ombe. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha hakuzunguka: "Baba, ile ya pili bado?" Mjukuu wake alikuwa anatakiwa kuripoti shule ya bweni wiki ile. Nikamweleza meli zinazunguka mbali kwa sababu kwenye Bahari ya Shamu zinapigwa. Akaniangalia. "Bahari ya Shamu hii ya Musa?" Nikamwambia ndiyo hiyo, siku hizi redio inaiita Bahari Nyekundu. Akafunga mzigo wake wa majani, akaukaza kwa goti, akauliza, "Na sisi nani ametusemea huko?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma kila ninachopata kuhusu jambo hili.

Yaliyotokea mengi yanajulikana. Tarehe 19 Novemba 2023 Wahouthi, kundi la wapiganaji wa Yemen, waliiteka meli ya kubeba magari, Galaxy Leader, pamoja na mabaharia wake 25, wakasema wanafanya hivyo kwa ajili ya Gaza. Hadi mwisho wa mwaka 2024 meli za biashara zaidi ya 100 zilikuwa zimeshambuliwa kwa makombora, droni na boti. Meli ya Rubymar ilipigwa 18 Februari 2024 ikazama 2 Machi ikiwa na takriban tani 21,000 za mbolea. Anayelima anaelewa tani 21,000 za mbolea ni mashamba mangapi. Siku nne baadaye True Confidence ikapigwa kwenye Ghuba ya Aden, mabaharia watatu wakafa, wawili Wafilipino na mmoja Mvietnamu. Hao ni watu wa nchi ambazo hazikuwa na upande wowote kwenye vita ile. Ni vijana waliokuwa wakitafuta riziki, kama wa kwetu wanaopanda meli Tanga na Unguja.

Wakubwa walijibu kwa manowari. Desemba 2023 Marekani ikatangaza operesheni iliyoiita Prosperity Guardian. Februari 2024 Umoja wa Ulaya ukaanzisha ya kwake, Aspides, makao yake Larissa, Ugiriki, ikisisitiza kwamba yenyewe ni ya kujihami tu. Marekani na Uingereza zikaanza kuipiga Yemen kwa mabomu usiku wa 11 Januari 2024. Sidharau kazi ya mabaharia wale. Makombora mengi yaliangushwa baharini kabla hayajafika, na kuna watu wako hai leo kwa sababu hiyo.

Ila ukiuliza kama meli zilirudi, jibu liko Misri. Mfereji wa Suez uliingiza dola bilioni 10.25 mwaka 2023. Mwaka 2024 ukaingiza kama bilioni 4. Mwaka mzima wa manowari bora duniani, na wenye meli bado walikuwa wakizunguka Afrika nzima. Kisa ni bima. Bima ya hatari za vita kwa safari moja ilipanda hadi kukaribia asilimia moja ya thamani ya meli. Meli ya dola milioni 50 unaongelea nusu milioni kwa kupita tu. Wa bima hahesabu makombora mangapi yameangushwa, anaangalia kama lipo moja linaloweza kupenya. Na kombora la kudungulia droni ya bei ya pikipiki chache linagharimu kama dola milioni 2. Hata tajiri hawezi kuendesha duka hivyo miaka nenda rudi.

Historia hii si mpya. Wakati wa vita vya Iran na Iraq, pande zote mbili zilikuwa zikipiga meli za mafuta kwenye Ghuba ya Uajemi. Kuwait ikaenda kuomba ulinzi Moscow na Washington kwa mpigo, na Marekani ikakubali kuzipa meli 11 za Kuwait bendera yake ili manowari zake zipate haki ya kuzisindikiza. Msafara wa kwanza, 24 Julai 1987, meli kubwa ya mafuta Bridgeton ikakanyaga bomu la majini. Haikuzama. Ngozi yake ilikuwa nene kuliko ya manowari, basi manowari zikajipanga nyuma yake, mstari mmoja, zikimfuata yule zilizokuja kumlinda. Mwaka uliofuata, 3 Julai 1988, manowari ya Marekani ikaidungua ndege ya abiria ya Iran ikiidhania ni ya kivita, watu 290 wakafa. Kilichozituliza meli pale Ghuba ni Azimio namba 598 la Baraza la Usalama, ambalo Iran hatimaye ililikubali, na mapigano yakasimama Agosti 1988. Misafara ilisaidia kununua muda. Ila hadi azimio linakubaliwa, watu 290 wa ndege ile walikuwa wameshakufa.

Habari ya bendera inatugusa zaidi kuliko tunavyofikiri. Agosti 2012 serikali yetu ilitangaza kuzifuta kwenye daftari meli 36 za mafuta zilizohusishwa na Iran, zilizokuwa zikipeperusha bendera ya Tanzania kupitia usajili wa Zanzibar. Nakumbuka watu walivyoshangaa. Ghafla jina la nchi yetu limo kwenye ugomvi wa vikwazo, na Mtanzania wa kawaida hajui hata meli hizo ziko bahari gani. Bendera ya meli ni ahadi ya ulinzi. Ukiigawa ovyo huku huna cha kuilindia, hata rafiki zako hawaiheshimu.

Sasa nije kwenye tarehe inayoniuma, 6 Mei 2025. Kuanzia 15 Machi mwaka ule Marekani iliipiga Yemen wiki saba mfululizo. Kisha Oman ikatangaza kwamba imewapatanisha: Wahouthi hawatazigusa meli za Marekani, Marekani haitaipiga Yemen. Nchi yenye jeshi lenye nguvu kuliko yote ilimaliza kwa kuzungumza, kupitia jirani mtulivu anayeelewana na kila mtu. Silaumu hilo hata kidogo. Ninachoshika ni maneno yenyewe ya makubaliano: meli za Marekani. Miezi miwili baadaye, Julai 2025, Wahouthi wakazizamisha Magic Seas na Eternity C ndani ya siku chache, zote zikiwa na bendera ya Liberia na wamiliki wa Ugiriki. Angalau mabaharia wanne wa Eternity C walikufa. Na meli hiyo ilikuwa imetoka wapi? Ilikuwa imetoka kushusha chakula cha msaada cha Shirika la Mpango wa Chakula Duniani pale Berbera, kwenye pwani ya Somalia.

Narudia kwa sababu ni jambo zito. Mwenye nguvu alipata ahadi yake, akaondoka na amani yake. Meli iliyowapelekea chakula watu wa pwani ya Afrika Mashariki haikuwamo kwenye ahadi ya mtu yeyote. Kahawa yetu nayo husafiri hivyohivyo, kwenye meli ya Mgiriki au Mdenmark, bendera ya Liberia au Panama, mara nyingi ikihamishiwa meli nyingine pale bandari ya Salalah, Oman. Hakuna manowari ya mtu itakayoitwa kwa ajili ya magunia 320 ya Kibosho.

Somalia ni nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ilikabidhi hati yake ya kuridhia mkataba makao makuu Arusha tarehe 4 Machi 2024, siku mbili kabla ya True Confidence kupigwa. Kuanzia siku ile pwani ya Jumuiya haiishii tena mpakani mwa Kenya. Inapanda hadi Rasi Asir, inakata kona, inaingia Ghuba ya Aden yenyewe, mkabala na Yemen. Tunaposema mgogoro ule uko mbali tunasema jambo lisilo kweli kwenye ramani.

Mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 unazitaka nchi wanachama ziwe na sera za pamoja za mambo ya nje na usalama. Kwa suala hili sauti hiyo ya pamoja haikutufikia huku chini. Tazama kura ya 10 Januari 2024, Baraza la Usalama lilipopitisha Azimio namba 2722 la kuwataka Wahouthi waache kushambulia meli. Kura 11 ndiyo, nne zikajizuia: Urusi, China, Algeria na jirani yetu Msumbiji. Sierra Leone ikapiga ndiyo. Viti vitatu vya Afrika vikagawanyika. Nawaelewa waliojizuia, waliona azimio linageuzwa ruhusa ya kupiga mabomu, na kweli mabomu yalianza kesho yake usiku. Nawaelewa na waliosema ndiyo. Lakini bara ambalo meli nyingi zilikuwa zikilizunguka lilipaswa kuja na pendekezo la kwake, lenye masharti ya kwake.

Nafasi ipo. Somalia iliingia Baraza la Usalama Januari 2025 kwa miaka miwili. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilichaguliwa Juni 2025 kuanza Januari 2026. Maana yake mwaka 2026 Jumuiya yetu ina viti viwili mezani kwa wakati mmoja.

Ningetaka viti hivyo viombe nini? Ningeanza na mfano wa Istanbul. Tarehe 22 Julai 2022, vita vya Ukraine vikiwa vimepamba moto, meli za nafaka ziliruhusiwa kupita Bahari Nyeusi. Urusi na Ukraine hazikutia saini karatasi moja. Kila mmoja alitia yake na Uturuki na Umoja wa Mataifa, kwa sababu kukaa pamoja kwenye karatasi kulikuwa kugumu mno. Meli zikakaguliwa Istanbul na watu wa pande zote nne, kila upande ukaona kwa macho kwamba hakuna silaha. Kwa mwaka mmoja zikapita karibu tani milioni 33. Tarehe 17 Julai 2023 Urusi ikajitoa, na hapa lazima niwe mkweli: baada ya hapo Ukraine ilifungua njia yake kando ya pwani za Romania na Bulgaria kwa sababu ilikuwa imezisukuma mbali manowari za Urusi kwa makombora na droni. Nguvu ina kazi yake. Ila nchi isiyo na nguvu hiyo haiwezi kuiga sehemu ya pili. Inaweza kuiga ya kwanza.

Basi Jumuiya imteue mjumbe mmoja, mtu mzima anayesikilizwa, aende Muscat. Oman si wageni kwetu. Kuna familia Unguja, Tanga na hata hapa Moshi zina ndugu kule hadi leo. Ni Oman hiyo iliyosaidia mabaharia 25 wa Galaxy Leader kuachiwa Januari 2025, mapigano ya Gaza yaliposimama kwa muda. Mjumbe huyo aombe ahadi ya maandishi kwamba shehena ya kwenda na kutoka bandari za Jumuiya, chakula, mbolea, dawa, mafuta, kahawa, chai, ipite bila kuguswa, iwe kwenye meli ya bendera yoyote. Nasi tutoe ahadi ya kwetu: ukaguzi wa wazi, kwamba hakuna silaha ya upande wowote inayojificha kwenye kontena zetu.

Najua watakaosema kuzungumza na anayerusha makombora ni kumpa kichwa. Hoja hiyo ina uzito; mtu akiona kuzamisha meli kunamletea wajumbe, kesho atazamisha nyingine. Ndiyo maana sisemi tulipe kitu. Maharamia wa Somalia walilipwa, na kila fidia ilinunua boti nyingine, mpaka dunia ilipoungana: azimio la Baraza mwaka 2008, manowari za Ulaya na za wengine, kesi zikasikilizwa Mombasa na Shelisheli, walinzi wakapanda melini. Kule nguvu ilifanya kazi, kwa sababu haramia anatafuta pesa na hasara ikizidi anarudi kuvua samaki. Anayepiga meli kwa sababu ya vita hapimi hivyo. Mabomu ya mwaka mzima hayakumfundisha hesabu ya faida. Mapigano ya Gaza yaliposimama ndipo meli zilipopumua, na atakayetaka bahari itulie moja kwa moja lazima aseme wazi kwamba kuua raia Gaza kukome. Hilo nalo Jumuiya ilitamke bila kumung'unya.

Kuna jambo moja la enzi za maharamia limesahaulika. Kanuni za Djibouti, zilizopitishwa Januari 2009, zilianzisha vituo vitatu vya kupeana taarifa za usalama wa bahari. Kimoja Mombasa. Kimoja Dar es Salaam. Cha tatu Sana'a, mji ambao Septemba 2014 uliingia mikononi mwa Wahouthi. Tulikuwa na meza moja na Sana'a kabla hawa wakubwa hawajaleta operesheni zao, na viwili kati ya vituo vitatu viko kwetu.

Sisemi majeshi yakae bure. Aprili 2025 jeshi letu, JWTZ, na jeshi la wanamaji la India waliendesha pamoja mazoezi ya AIKEYME pale Dar es Salaam, nchi kadhaa za Afrika zikashiriki. India yenyewe haikujiunga na operesheni ya Marekani, ila meli zake zimeokoa mabaharia wa kila taifa. Machi 2024 iliikomboa meli ya Ruen na watu wake 17 kutoka kwa maharamia. Mtindo huo unatufaa: kuokoa mtu bila kuuliza bendera. Tuwe na boti za kutosha kulinda mlango wa Tanga na wa Mtwara, tuwe na macho baharini, tupeane taarifa na Wakenya na Wasomali saa ileile.

Tusipokuwapo, wengine watatuchorea mistari. Kwa miaka kadhaa, enzi za uharamia, mashirika ya meli yaliitambua sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi kuwa eneo la hatari kubwa, na mstari wake ulishuka hadi nyuzi 10 kusini. Ukaimeza Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Eneo hilo lilifutwa lote 1 Januari 2023. Haijatimia miezi kumi na moja, Galaxy Leader ikatekwa.

Kontena letu la Januari lilipata meli mwezi wa pili mwishoni na likafika Ulaya Aprili. Mnunuzi alituma picha. Ile sehemu ya mlangoni ambayo mzee wa ghala aliirudia ilikuwa kavu. Upande wa kulia, chini ya dari, magunia tisa yalikuwa na doa la maji upana wa kiganja, akakata thamani yake kwenye malipo. Malipo ya pili yaliingia Kibosho katikati ya Mei. Mjukuu alikuwa ameshaanza shule kwa fedha za ng'ombe, na siku nilipopanda kumpelekea mama mkwe stakabadhi, nilimkuta bandani anafagia upande mmoja tu.